Kofia Yangu Nanganga

Miaka arobaini na tatu mimi natoka na kurudi, mke wangu Sofia hajawahi kunidai safari. Mwaka huu, ufuta umekwisha kupigwa na korosho bado hazijaanza kudondoka, akaniambia, "Baba Shamimu, nataka siku nne, mimi na wewe. Tukatazame mji wa zamani."

Miji ya namna hiyo iliyo karibu nasi ni miwili, Nachingwea na Ruangwa. Yeye akataka Nachingwea. Mimi nikang'ang'ania Ruangwa.

Sababu yangu ilikuwa mbaya. Wakati namchumbia nilimwambia nilisoma Nachingwea hadi darasa la tatu, enzi ile reli ya Waingereza ya kubebea karanga bado ipo. Nikamwambia treni ilikuwa inapita nyuma ya darasa, na mwalimu anasimamisha chaki hewani mpaka ipite. Uongo. Beira nimefika, Lubumbashi nimefika, Nachingwea sijakanyaga. Kusoma nimekuokota huku na huku: herufi kwa wamisheni, maneno kwenye magunia, kuandika nilijifunza katika elimu ya watu wazima nikiwa na ndevu. Lakini Sofia aliipenda ile treni. Aliwasimulia watoto, akawasimulia wajukuu, na akifika kwenye chaki anainua mkono na kuutuliza hivi. Sasa akijua hakuna treni wala chaki, lipi langu jingine ataliamini? Miaka ambayo sikuwapo nyumbani anaijua kwa mdomo wangu tu.

Tukashuka Nanganga, barabara inapogawanyika. Kulia unakwenda Ruangwa, mbele unakwenda Masasi na kutokea Nachingwea.

"Tunywe chai kwanza, ndipo tuamue," nikasema.

Kwenye kibanda cha chai palikuwa na mama mmoja mnene, mchangamfu, wateja wanamwita Teodosia. Sofia hakusubiri hata chai imiminwe.

"Mwanangu, kwa mtu anayetaka kutazama tu, pazuri wapi, Nachingwea au Ruangwa?"

"Inategemea mtu mwenyewe, bibi. Nyie kabila gani?"

"Wamwera," nikadakia, ili maneno ya Nachingwea yaishe. Hapo nikakosea, mimi mtu wa njia nyingi. Kabila lako hulitaji kabla hujajua la mwenzio.

"Wamwera! Na mimi Mmakua!" Birika likawekwa chini, kofia yangu ikaondoka kichwani. "Watani wangu wamejileta wenyewe!"

Mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kununa, wala huondoki mpaka umekikomboa.

"Haya, unataka nini?" nikamuuliza.

"Mmwera ana nini cha kunipa? Hata hii kofia imechakaa, nitaifutia meza."

"Usimdharau," Sofia akasema, na fahari imemjaa. "Mwenzio amesoma Nachingwea huyu. Treni ilikuwa inapita nyuma ya darasa lao."

"Kumbe msomi! Basi atakomboa kwa elimu. Babu, ukiwa umesimama stesheni ya zamani, ile Nambambo ya pale pale mjini iko upande gani? Ukipatia, kofia yako. Ukikosa, naivaa mpaka Krismasi."

Watu wa benchi la pili wakageuka. Pande za dunia ni nne, mtu ungeweza kubahatisha. Nikafungua mdomo niseme mashariki. Nikamwona Sofia ameweka kikombe chini, ananitazama, mkono umeanza kuinuka wenyewe.

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kufika."

"Kufika Nambambo?" Sofia akauliza.

"Nachingwea yenyewe."

Mkono ukashuka. "Na mwalimu?"

"Hayupo."

"Chaki?"

"Chaki niliiona kwa wamisheni."

Akachukua kikombe, akanywa chai yote, taratibu, mpaka majani ya chini. Teodosia alikuwa ameishika kofia yangu kifuani kama mtu wa msibani.

"Lubumbashi?" Sofia akauliza.

"Lubumbashi nilifika. Si nilikuandikia barua?"

Akafikiri. "Ilikuwa na stempu ya huko," akasema. "Hiyo nabaki nayo. Safari nyingine nitazipitia moja moja."

Teodosia akanivisha kofia, polepole. "Babu, nisamehe, nilikuwa nakutania tu."

"Huna kosa, mtani. Hebu niambie basi, iko upande gani?"

"Nitajuaje? Mimi wa Masasi! Nambambo nimeisikia kwa abiria."

Sofia ndiye aliyeanza kucheka, na alicheka mpaka akafuta macho kwa upande wa kanga.

Gari la abiria la Ruangwa, Noah, likaja linapiga honi. Nikasimama, nikabeba mfuko, maana nilidhani Nachingwea sasa imekufa. Akanivuta shati.

"Ruangwa umefika kweli?"

"Kweli. Nilikaa miezi mitatu."

"Basi ya Ruangwa utanisimulia, nami nitakuuliza maswali. Nachingwea hujui kitu. Twende huko."

Gari la Masasi lilipokuja, akatangulia, akakaa dirishani, mahali ambapo siku zote nakaa mimi.

"Tukifika tutauliza watu reli ilipita wapi," akasema. "Na wewe utauliza. Usinieleze kitu mpaka tumekiona wote wawili."

Gari likaondoka. Mbele kidogo pakatokea ukuta wa zamani porini, hauna paa, mti umeota ndani yake. Nikanyoosha shingo juu ya bega lake.

"Ule ulikuwa ukuta wa nini?" nikauliza.

"Sijui," akasema, akasogea kidogo nami nione. "Tazama."