Kiti cha Mtu wa Pili

Harlan Stroud alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo yote hakuacha kigingi nje ya mstari hata kwa upana wa kidole. Alipostaafu, aliuhamishia unyoofu huo katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, pembezoni mwa mji wa El Paso, alikofugia mijusi wa Gila: wanyama wanene, wazito wa mwendo, wenye ngozi kama shanga nyeusi na za rangi ya chungwa, na sumu katika taya la chini.

Wafugaji wa mijusi hao wana sharti wasilolifanyia mzaha. Mtu hafungui kizimba akiwa peke yake. Ni lazima awepo wa pili, ameketi karibu na simu, kwa maana mjusi wa Gila akiuma haachii upesi, na aliyeumwa huenda asiweze hata kusimama. Kwa miaka ishirini mtu wa pili alikuwa Verna, mkewe, aliyeketi katika kiti cha mbao pale mlangoni akifuma soksi. Verna alipofariki, kiti kile kilikaliwa na jirani wa ng'ambo ya ua, Bi Ofelia Barrera, mjane mfuga kuku.

"Fanya upesi, mzee," Ofelia alizoea kumwambia, simu mapajani. "Nina maharage jikoni. Akikuuma leo, nazima jiko kwanza ndiyo nipige simu."

"Jiko huzimwa kabla ya kuja," Harlan alijibu bila kugeuka.

"Haya, mwalimu."

Hakuwa mwalimu, lakini hakumsahihisha. Nusu saa ile ya kila Jumapili ndiyo iliyokuwa mazungumzo yake ya wiki nzima. Mwanawe Curtis aliishi Seattle, na simu yake ilikuja sikukuu kwa sikukuu.

Julai ile Pepita, jike pekee aliyesalia, ambaye Verna alimpa jina na kumlisha tangu uchanga, alitaga, baada ya kupandishwa na dume la kuazima, mayai matano marefu yenye ganda laini mithili ya ngozi. Mwezi uliofuata akafa. Ila mayai yale, hapakubaki kitu chenye uhai kilichotokana na mikono ya Verna. Harlan aliyalaza mayai katika sanduku la plastiki lenye kifuniko angavu, ndani ya mashine ya kutotolesha, na juu ya kila yai akachora kwa penseli msalaba mdogo wa kuonyesha upande wa juu.

Oktoba alilazwa hospitalini siku tisa kwa upasuaji wa nyonga. Alimwachia Ofelia ufunguo na karatasi yenye maagizo kumi na mawili, yameandikwa kwa mkono ulionyooka kama ramani zake. Aliporudi, akijikongoja kwa mkongojo, hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akainama.

Misalaba haikuwapo. Kila yai lilikuwa limelala kifudifudi.

"Umeyafanya nini haya?"

"Si nimeyatunza!" Ofelia aliingia na sahani ya tamale, mikate ya mahindi yenye nyama ndani, iliyofunikwa kitambaa. "Asubuhi nayageuza, jioni nayageuza. Sijaruka hata siku moja."

"Umeyageuza."

"Sasa? Yai lisipogeuzwa kifaranga kinagandia ganda. Miaka arobaini natotolesha mimi, usinitolee macho."

"Haya si ya kuku! Yai la mjusi likigeuzwa, kilichomo huzama humohumo. Umewaua wote watano, mwanamke. Verna hakuthubutu hata kuyapulizia pumzi mayai ya mijusi, na wewe unayachezesha kama viazi sufuriani!"

Ofelia aliiweka sahani mezani taratibu, na ufunguo kando yake.

"Verna alikuwa na moyo wa chuma kukuvumilia," alisema, akatoka.

Jioni hiyo Harlan aliitafuta karatasi ili aone ni agizo lipi lililovunjwa. Joto lilikuwapo. Maji yalikuwapo. Mlango, kifuniko, namba za simu. Alisoma yote kumi na mawili mara mbili. Kutogeuza hakukuwapo. Hakuna mfugaji anayehitaji kuambiwa hilo, na yeye aliandika kana kwamba anaandikia mfugaji. Akajua kosa lilikuwa la nani. Lakini ua ule ulikuwa na hatua arobaini, na kila asubuhi alipata sababu ya kutozipiga.

Alikusudia kuyatupa mayai kesho yake. Hiyo kesho, hata hivyo, ilikuwa siku ya mia tangu yatagwe, na kwa kanuni yake mwenyewe, kuanzia siku ya mia sanduku halihesabiwi tena kuwa la mayai bali la mijusi, kwani kitoto huuma tangu siku ya kwanza. Halikuweza kufunguliwa bila mtu wa pili. Basi likakaa. Alitazama kwa nje mayai yakibonyea na kuota ukungu, moja, la pili, hadi manne.

Asubuhi ya siku ya mia na arobaini na moja, yai la tano lilikuwa na mchano. Katika mchano ule kilitokeza kichwa kidogo cheusi, kikaonja hewa kwa ulimi.

Harlan aliichukua karatasi, akaandika chini ya agizo la kumi na mbili, akauvuka ua.

Ofelia alikuwa akiwamwagia kuku mahindi.

"Karatasi yangu ilikuwa na upungufu," Harlan alisema, akamnyooshea.

Ofelia alisoma kwa sauti. "'Kumi na tatu: mayai yasigeuzwe.'" Akamtazama. "Hiyo ndiyo samahani yenyewe?"

"Ndiyo."

"Siku arobaini, mzee! Siku arobaini unatunga sentensi moja!"

"Mmoja anatoka. Siwezi kufungua peke yangu."

Ofelia alijifuta mikono. "Nakuja kwa ajili ya simu. Siyo kwa ajili yako."

Aliketi katika kile kiti. Harlan, kwa koleo ndefu, alikihamisha kitoto katika kizimba kidogo, kiking'aa kama kilichopakwa rangi asubuhi ileile. Komeo likalia.

"Kizuri," Ofelia alisema. "Kina sura mbaya, lakini kizuri."

"Kitahitaji chakula wiki ya tatu. Jumapili ile—"

"Jumamosi hii naondoka. Binti yangu ananihamishia kwake San Antonio. Kuku wameshapata mwenyewe." Aliiweka simu kitini aliponyanyuka. "Aliniuliza tangu Oktoba. Nilikuwa namwambia ngoja kwanza."

Harlan hakuuliza alikuwa akingoja nini.

Wiki ya tatu ilipotimia, ng'ambo ya ua palikuwa kimya, hata jogoo hakuwapo. Harlan aliketi katika kile kiti, simu mapajani, akakitazama kitoto kikizunguka kioo kikitafuta. Mkono wake ulilifikia komeo, ukarudi.

Akavaa koti. Akaitia karatasi mfukoni, akatoka barabarani na mkongojo wake, akasimama mbele ya nyumba ya jirani mwingine, yenye lango la buluu, ambayo wenyeji wake hakuwahi kuwasalimu kwa miaka kumi na tisa. Akavua kofia, akabisha.