Picha ya Mwalimu Shadlia

Mahbuba alikuwa mtu wa mwisho mtaani kukubali kupigwa picha ya matiti, na ndiye aliyekutwa na ugonjwa.

Watu wa Kairuani, wale wa ndani ya ukuta karibu na Lango la Tunis, wote walijua jinsi alivyobishana na Mwalimu Shadlia. Kila vuli gari kubwa jeupe lenye mashine lilikuja kuegeshwa uwanjani, na kila vuli Mwalimu Shadlia alipita nyumba hadi nyumba akigonga milango. Alikuwa amestaafu, lakini nusu ya akina mama wa mtaa ule walijifunza kusoma mbele yake, na mtu aliyekuchapa rula vidoleni kwa sababu ya herufi iliyokaa kombo si rahisi kumfungia mlango. Mahbuba hakupitia mikononi mwake. Alikuwa mfumaji wa mazulia, shule aliiacha kabla haijamzoea, na hakuogopa rula ya mtu. Alimjibu mwalimu akiwa kwenye kitanda chake cha kufumia, bila hata kugeuka, kwamba mashine ya kubana titi kama limau lazima ilibuniwa na mwanamume, basi na huyo mwanamume akajibane kwanza pale anapojua mwenyewe. Wanawake waliokuwapo walicheka mpaka wakashika mbavu. Shadlia naye alicheka, akanywa chai yake, akaaga. Mwaka uliofuata alirudi.

Hakuwa mtu wa kupenda ubishi. Mama yake alikufa kwa kidonda cha titi alichokificha chini ya hina na asali, mpaka harufu ilipomfichua. Shadlia alikuwa msichana bado, na ndiye aliyekuwa akifua zile nguo. Jambo hilo hakulisimulia kwenye mikutano. Alimsimulia Mahbuba peke yake, siku moja ya mvua walipokuwa wawili tu chumbani, na vuli hiyo Mahbuba akapanda ngazi za gari, huku akisema anakwenda ili apumzike na kelele za watu.

Walimkuta na uvimbe mdogo kama punje ya dengu. Mkono usingeweza kuugundua. Alipasuliwa hospitali ya Susa, akachomwa mionzi, titi likabaki na kovu jembamba tu. Tangu hapo yeye na mwalimu wakawa chanda na pete. Alhamisi walikwenda hamamu pamoja, wakasuguana migongo, na vuli ilipofika walizunguka pamoja milangoni, mmoja akieleza kwa upole na mwingine akitukana kwa mapenzi. Asiyetoka kwa maneno ya mwalimu alitoka kwa ulimi wa Mahbuba.

Ndiyo maana Mahbuba aliumia sana mwenzake alipoanza kubadilika. Kwanza Shadlia aliacha hamamu. Alisema mgongo unamsumbua, mvuke haumfai. Kisha akawa haonekani nyumbani siku nzima, ukiuliza unaambiwa yuko Susa kwa binti yake Yusra, analea mjukuu. Kisha, yeye aliyetembea kichwa wazi tangu ujana wake, akatokea sokoni amejifunga mtandio mpaka usoni. Wanawake walimpongeza. Walimwambia Mungu amzidishie, nuru imeanza kuonekana usoni mwake. Shadlia aliitikia amina, akanunua bizari zake, akaenda. Mahbuba alisimama kando akitazama. Alijiambia kuwa rafiki anayeshika dini bila kukuambia huyo si rafiki.

Vuli ilikuwa imekaribia alipoamua kwenda kumaliza maneno. Alichukua sahani ya makrudhi, vile vileja vya tende, maana hata ugomvi hauendwi mikono mitupu, akasukuma mlango bila kubisha kama desturi yao.

Shadlia alikuwa amekaa juani uani, mtandio uko mapajani. Kichwani hamkuwa na unywele hata mmoja. Nyusi pia zilikuwa zimekwenda.

Mahbuba aliweka sahani chini.

"Funga mlango," Shadlia alisema. "Na usilie. Yusra analia vya kutosha."

Akamweleza. Majira ya kuchipua alihisi kitu kigumu kwapani, na mgongo uliokuwa ukimuuma kwa miezi haukuwa wa uzee. Hospitali ya Susa walikuwa wameleta njia mpya: wanakuchoma sindano ya rangi kwenye mshipa ndipo wanapiga picha, na pale penye ugonjwa, damu inapokimbilia, panang'aa. Pake palimeta kama taa. Ugonjwa ulikuwa umeshashuka kwenye uti wa mgongo.

Mahbuba aliuliza lile ambalo mtu yeyote angeuliza. Si alikuwa akipigwa picha kila mara gari linapokuja? Si yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda, ili wengine waone?

"Nilipigwa. Zote zilisema safi."

"Basi walikosea."

"Hawakukosea, Mahbuba. Matiti yangu yana nyama nzito. Kwenye picha nyama inatoka nyeupe, na ugonjwa nao unatoka nyeupe. Utaona nini hapo? Daktari alizichukua zile picha za zamani akazipitisha kwenye kompyuta, hiyo akili mnemba waliyoifundisha kusoma picha. Ile ya miaka miwili nyuma, ikachora kiduara. Palepale."

"Kwa hiyo kilikuwepo."

"Kilikuwepo. Lakini daktari akanionyesha na picha za wanawake wengine. Na kwao imechora viduara, na hawana kitu." Aliinua mkono kuukuna utosi, kama mtu aliyesahau kuwa nywele hazipo. "Nilimuuliza kosa la nani. Akasema si la mtu. Ningependa liwe la mtu."

Mahbuba alikaa chini kwenye vigae. Alimkumbusha kuwa wao wawili waliwaambia wanawake kwamba ukipima unapona. Shadlia alisema hawakuwaambia hivyo. Kila mwaka yeye alieleza kuwa picha inaweza kupitwa na ugonjwa isiuone, alieleza kwa sauti, mbele ya wote. Watu walisikia walichotaka kusikia. "Hata wewe," alisema. "Na mimi mwenyewe, ukweli wa Mungu."

Kisha akamwomba asimwambie mtu. Gari lilikuwa linakuja mwezi uleule, na safari hii na mashine mpya, ile inayoipiga nyama picha tabaka kwa tabaka kama mkate uliokatwa vipande, na kompyuta ya kusaidia kusoma. Mashine ile ingemwona yeye. Ingewaona wanawake wenye miili kama yake, na mtaani walikuwa wengi. Lakini wakijua kwamba Mwalimu Shadlia, aliyepima kuliko wote, ndiye anayekufa, nani atapanda zile ngazi? Alitaka vuli hiyo moja tu ipite. Baada ya hapo wangejua wenyewe.

Mahbuba alikubali. Alikula makrudhi moja ili mkono upate kazi.

Siku ya gari ilikuwa na jua zuri. Shadlia alikuja amevaa vizuri, mtandio umefungwa, nyusi amezichora kwa wanja, na Yusra pembeni yake akimshika mkono kwa namna ya binti anayemdekeza mama. Wanawake walikuwa wengi kuliko mwaka wowote. Mahbuba aliwapanga mstari, akimwambia huyu asukume kitumbo chake nyuma, akimwambia yule kuwa mumewe hatakufa kwa kula mkate na zeituni siku moja. Wa pili kwenye mstari alikuwa Ibtisam, mke wa fundi viatu, aliyewahi kuwa mwanafunzi kipenzi wa mwalimu. Mwaka huo alikuja mwenyewe bila kugongewa mlango, na Mahbuba alimsifu kwa hilo mbele ya wote.

Shadlia alipanda ngazi kusalimiana na wauguzi. Aliposhuka, mguu ulifika chini vizuri kabisa, hakuteleza, hakujikwaa. Waliokuwa karibu walisikia mlio mkavu, kama wa kijiti kikivunjika. Alikaa chini taratibu, uso umebadilika rangi, na mtandio ukamvuka.

Wanawake walikitazama kile kichwa. Mahbuba alimwinamia, akamfunika kwa shali yake, lakini mwenye macho alikuwa ameshaona. Gari la wagonjwa lilipofika, mhudumu aliuliza mgonjwa ana maradhi gani. Yusra alikuwa na miezi akilibeba neno lile tumboni. Likamtoka kwa sauti.

"Saratani ya titi. Imeingia kwenye mifupa."

Mstari haukuvunjika papo hapo. Ulipungua, kama maji yanavyopungua kwenye beseni lenye ufa. Mmoja alikumbuka chungu jikoni, mwingine mtoto. Ibtisam alisimama kidogo akitazama ngazi, mkono ameuweka kifuani, kisha naye akageuka. Mahbuba alizuia njia kwa mikono miwili. Aliwaeleza habari ya weupe ndani ya weupe, akawaambia wamfikirie mtu anayetafuta uzi mweupe ulioingia kwenye sufu nyeupe. Akawaambia mashine hii ni nyingine, inaona. Akafungua vifungo vya juu vya nguo yake palepale uwanjani, awaonyeshe kovu, kwamba yeye yuko hai.

Mama Zazia, mkubwa wao wote, alimshika mkono akamfunga vifungo. Hakuwa na ubaya moyoni.

"Mwanangu, wewe ulikuwa na punje ya dengu," alisema. "Labda Mungu angeiondoa mwenyewe, nani ajuaye. Mwenye ugonjwa wenyewe alikuwa huyu, na mashine yenu ilimpa cheti cha afya. Tuache twende."

Mahbuba alibaki mbele ya ngazi, akiwatazama wakiishia vichochoroni. Gari lilitakiwa kukaa wiki. Liliondoka kabla, kwa kuwa mitaa mingine ilikuwa ikilisubiri.

Shadlia alirudishwa nyumbani na chuma kwenye paja, akalazwa chumba cha mbele. Wanawake walikuja kila siku. Walileta supu ya shayiri, walimwosha, walimsomea, walimbusu mikono. Walimpenda kweli. Hakuna aliyetaja gari. Yeye alijaribu. Dawa ya maumivu ilimfanya ulimi uwe mzito, na maneno aliyokuwa akiyapanga safi kama ubao wa darasani yakawa yanatoka yameshikana. Walimtikisia kichwa kwa upole, hewallah mwalimu, hewallah, pumzika.

Mara moja tu alimuuliza Mahbuba ni wangapi waliopima. Mahbuba alisema wengi. Shadlia alimtazama kwa muda, kama anayemtazama mtoto aliyenakili kazi ya jirani yake, akafumba macho. Hakumuuliza tena. Alifariki wakati wa baridi, na jeneza lake lilisindikizwa na watu waliojaza barabara mpaka langoni. Mazikoni walisema alikuwa mwanamke aliyepigania afya za watu. Mahbuba alitoka akaenda kusimama nje ya ukuta wa makaburi, maana alihisi angesema neno ambalo haliwezi kurudishwa.

Lozi zilikuwa zimeanza kuchanua Ibtisam alipofika chumba cha kufumia. Alisubiri wafumaji wengine watoke kwenda kula. Alimkamata Mahbuba mkono, akauingiza ndani ya nguo, akauweka.

Vidole vya Mahbuba vilikaa pale. Donge lilikuwa gumu, lina ncha, na halikusogea.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Kabla ya gari."

"Kabla ya gari, Ibtisam? Ulikuwa wa pili kwenye mstari."

"Nilikuja kwa sababu ya hili. Halafu nikamwona mwalimu." Alikuwa akiongea na zulia, si na mtu. "Nikasema, kama yeye haikumsaidia, basi bora nisijue."

Walikwenda Susa kesho yake. Mahbuba alimsindikiza mpaka mlango wa chumba cha mashine, akabaki kwenye benchi la kijani la ukumbini na mkoba wa mwenzake mapajani. Daktari yuleyule aliyemhudumia Shadlia ndiye aliyewaita baadaye. Alikuwa kijana mkweli, hakuzungukazunguka. Saratani ilikuwa imeenea, ini pia lina madoa. Watajitahidi. Ibtisam aliuliza kama angekuja vuli ingekuwaje. Daktari alianza kujibu, akaacha, akasema hayo hayana faida sasa.

Kwa kuwa walikuwa wameshafika, na kwa kuwa muda wake wa kupimwa ulikuwa umefika, Mahbuba naye alipigwa picha. Alibanwa, akashusha pumzi walipomwambia, akavaa. Majibu yalitoka siku ileile. Safi kabisa, daktari alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. Mahbuba alimshukuru. Alikunja karatasi akaitia kifuani, akatoka kumtafuta Ibtisam, akamkuta kwenye benchi amejikunyata, anauliza nani atawaogesha watoto wake.

Mahbuba alikaa karibu naye. Karatasi hakuitoa kifuani; alimshika mwenzake mkono. Wauguzi walipita na vitoroli vyao, na wanawake wengine walikuwa wakiitwa majina mmoja mmoja.