Akimaliza Dawa

Jina la Andongwisye halikuwemo. Niliisoma karatasi mara tatu, kidole kikishuka kutoka juu mpaka chini, huku mkewe Ikupa amesimama mbele ya meza yangu, pindo la kanga limelowa tope la majaruba ya mpunga.

"Mbona hamji tena kwetu?" aliniuliza. "Amerudi kukohoa damu."

Ilikuwa mwaka 1998. Kituo chetu cha afya, upande wa Ngonga, kilikuwa kimepewa kompyuta na wafadhili. Mimi, muuguzi wa kifua kikuu, niliagizwa nieleze kwa maandishi tulichotaka ifanye, ili vijana wa Mbeya watutengenezee programu. Niliandika kurasa mbili kwa mwandiko wangu mzuri. Kila Jumatatu mashine ichape majina ya wagonjwa wa kufuatwa majumbani na kupelekewa dawa. Mgonjwa akimaliza dawa, aondolewe.

Orodha ilianza na majina arobaini. Mwezi wa pili yakabaki ishirini na sita, wa tatu kumi na moja. Nilidhani wengine wamegawiwa Mercy, muuguzi mwenzangu. Mercy alidhani wako kwangu. Kila mmoja alipanda baiskeli yake na kumshukuru Mungu kwa wepesi wa kazi.

Siku ile nilifukua daftari la zamani. Andongwisye alikuwa amebakiza miezi sita ya dawa. Ikupa alinieleza kwamba mumewe, alipoona hatuji, aliamua kuwa amepona, akavuka mpaka kwenda kwa binamu zake Karonga, Malawi, kuuza mchele, akarudi mgonjwa.

Nilipiga simu Mbeya nikiwa nimefura kwa hasira. Kesho yake Jubilate, kijana aliyeitengeneza ile programu, alishuka basi akiwa na kurasa zangu mbili ndani ya faili. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Dada Sekela, mgonjwa akimaliza dawa. Dawa zipi?"

Kwangu kumaliza dawa ni miezi minane, nani asiyejua? Yeye alikuwa ameiona fomu yetu, yenye kisanduku cha kutia alama mgonjwa anapomaliza pakiti ya mwezi. Basi aliyemeza kila kidonge alifutwa. Waliobaki kwenye orodha ni wale wazembe.

"Ungeniuliza," nilisema.

"Ningekuuliza," alikubali. "Nilidhani nimeelewa."

Tulikaa mpaka jioni. Aliyehamia Ngana tumwandikeje? Anayevuka mpaka na kurudi? Anayemeza akatapika? Kila nililojibu lilizaa swali jingine. Sentensi yangu moja ikawa ukurasa na nusu, na bado sikuwa na hakika nayo.

Halafu mimi na Mercy tukaanza kuwatafuta watu ishirini na tisa waliofutwa. Wawili walikuwa wamehamia ng'ambo ya mpaka. Kwa mmoja tulikuta msiba, tukaketi na wanawake.

Andongwisye alianza upya, siku ya kwanza ya miezi minane. Nilimweleza yote: kompyuta, kisanduku, maneno yangu. Alinisikiliza kwa heshima, mashavu yamebonyea.

"Ndaga, muuguzi," alinishukuru. "Lakini mimi nilikosea wapi? Nilimeza vyote."

Nilimwekea vidonge kiganjani, nikamshikia kikombe cha maji.