Mwanga wa Ludmila

Ludmila hakulia mazishini, wala baadaye. Alikaa tu mbele ya kompyuta aliyoachiwa na marehemu mumewe, Otakar, mwanga ukimchoma macho, nusu ya skrini ameifunika kwa kitambaa cha jikoni.

"Shemeji, si upunguze huo mwanga!" akasema Bohdan, aliyekuwa akifanya kazi na Otakar, huku akitua sufuria ya supu ya kabichi.

"Mashine yenyewe haisikii wanyonge kama mimi, wasio na ruhusa. Nilijaribu siku ya kwanza, ikanikatalia. Ikabidi kila mara nimwite Otakar. Anatoka jikoni na mikono ya unga, anaandika amri zake ndefu, ndiyo mwanga unashuka."

Bohdan alikuwa na nywila ya msimamizi, aliyopewa na Otakar. Akafungua faili la ruhusa, lenye orodha ya wanaoweza kubadili mwanga, akalisoma mara mbili.

"Shemeji, jina lako limo humu. Alikuruhusu wiki ileile mliyoinunua. Miaka tisa."

"Na zile amri?"

"Maigizo matupu."

Ludmila akabonyeza kitufe. Mwanga ukashuka bila ubishi. Akautazama kidogo, kisha akaupandisha tena hadi mwisho, akakaa akiangalia mlango wa jikoni.