Misonobari Iliyonenepa Ghafla

Katika mtaa mzima wa Mbotela, ni Shiro Wachira peke yake aliyekuwa amenuniana na setilaiti. Ramani yake ya msitu, iliyotokana na setilaiti hiyo, ilikuwa imekataa katakata kukaa sawa. Rada ya setilaiti hutuma mawimbi yanayogonga matawi na mashina, na yakirudi hukisia msitu una mbao kiasi gani, lakini makisio hayo hayaaminiki mpaka watu waende wakaipime miti yenyewe. Shiro na mwenzake, Caleb Ondiek, walikwenda wakagawana msitu. Upande wa Caleb ulilingana na rada. Upande wa Shiro, misonobari ilikuwa imenenepa kupita kiasi. Jumatatu bosi wao, Wavinya, angeamua kama ramani itupwe, na Shiro alikuwa ameihangaikia mwaka mzima.

Jumapili Caleb alipita kwa kina Shiro baada ya kanisa, mama yake Shiro akamkaribisha chai.

"Si ufute tu miti yako," Caleb akasema. "Ukibakisha yangu, ramani inakaa poa. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Kusema kweli alishawishika, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Mvua ikaanza. Shiro akanyakua koti la Caleb pale kitini, akajitupia, akatoka mbio kuanua nguo. Aliporudi alisimama mlangoni akijitazama.

"Caleb, hiki kifungo cha pili kiko wapi?"

"Kwa tumbo yako."

"Na wewe ukivaa?"

Caleb akaacha kutafuna mandazi. Unene wa mti hupimwa kwa kimo kimoja tu, mita moja nukta tatu kutoka ardhini, kwani shina huzidi kunenepa kadiri unavyoshuka. Siku ile msituni fimbo yao ya kupimia kimo hicho ilisahaulika garini, naye Caleb, ambaye huinama kwenye kila mlango wa Mbotela, akagundua kwamba kifungo cha pili cha koti lake kiko kimo hicho hicho. Wakaufurahia sana ujanja huo. Kisha baridi ikamshika Shiro, Caleb, aliyekuwa amemaliza upande wake, akamvisha koti, naye Shiro akapima upande wake wote kwa kifungo kile kile, asikumbuke kwamba anamfikia mwenzake kwapani.

"Kumbe miti yote nimeipimia kiunoni," Shiro akasema, akacheka mpaka akakaa chini na nguo zake.

Akampigia Wavinya hapo hapo, akamweleza yote bila kupunguza.

"Kwa hivyo rada ilikuwa sawa?" Wavinya akauliza.

"Ilikuwa sawa, madam."

"Basi ramani inabaki. Kesho mrudi mpime huo upande upya, na fimbo mbebe. Lakini nani alileta hii maneno ya koti?"

Caleb, aliyelisikia swali, akanyoosha mkono apewe simu akiri. Shiro akamgeuzia mgongo.

"Ni sisi, madam. Sisi wawili."

Mama yake akamtazama bintiye, akamtazama Caleb, akatabasamu, kisha akainuka kwenda kupika chai nyingine.