Kitanda Kando ya Ntahangwa

Safu ya maduka ya zamani kando ya mto Ntahangwa ilikuwa imepakwa rangi ya maziwa, milango yote ikawa kijani, na mbele yake pakawekwa vigae, mabenchi na taa zenye shingo ndefu. Watu wa mradi walisema wameurudishia mtaa uso wake wa zamani. Khadidja, aliyezaliwa na kuzeekea mtaa huo wa Buyenzi, hakukumbuka uso wa namna hiyo. Yeye alikumbuka mafuta ya mawese yaliyoganda ukutani, ngozi za ng'ombe zikinuka juani, na Wahindi wakipima vitambaa huku mto ukila ukingo nyuma yao mwaka hadi mwaka. Lakini mtu akishakuwa bibi huambiwa kwamba hakumbuki vizuri, basi hakubishana na mtu.

Alikuja Alhamisi, mchana, kuuona mkahawa wa binti yake Lubna kwa mara ya kwanza. Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, ndiyo ilikuwa siku ya kufungua. Wazee wangekuja kusoma dua, wakubwa wangekuja kukata utepe, na Lubna, ambaye alikuwa amepika sambusa za harusi za watu tangu usichana wake, hatimaye angekaa kwenye kiti chake mwenyewe.

Khadidja alikuwa ameambiwa kwamba Lubna amepanga lile duka la vitambaa la mbele. Hakuambiwa kwamba ukuta wa nyuma umevunjwa. Alipita kati ya meza ndogondogo akisifu hiki na kile, akainua macho, akaona nuru ikiingia kutoka upande wa mto, mahali ambapo maisha yake yote palikuwa na ukuta. Na katika nuru ile, chini ya dirisha jipya la kioo, kimesimama kitanda cha maiti.

Mle mkahawani hakuna aliyekitaja kwa jina lake, kwa hiyo tuseme wazi. Kile chumba cha nyuma, chenye mlango wake wa pembeni unaotazama mto, ndicho walichotumia wanawake wa Buyenzi kuoshea maiti wao zamani, kabla ya msikiti kujenga mahali pazuri zaidi. Baadaye kikawa stoo, na walio hai wakakisahau. Kitanda kilikuwa cha mvule, kirefu, kizito, kimeinama kidogo upande wa miguuni ili maji yasituame, na pembeni kimechimbwa mifereji miwili inayokutana kwenye tundu. Khadidja alikuwa mwosha. Alianza akiwa bibi harusi mpya, akiwabebea wakubwa wake birika, mpaka naye akawa mkubwa. Mwosha naye huoshwa, majirani walimtania, naye aliwajibu kwamba anajua, yuko kwenye foleni. Juu ya mbao zile alimwosha mama mkwe wake. Juu ya mbao zile alimwosha Mwanne, binti yake wa kwanza.

Sasa juu yake kulikuwa na sahani.

Aliyezipanga alikuwa Annick, msanifu wa mradi aliyesimamia urembo wa safu nzima. Alikuwa ameinama na simu, akizipiga picha sambusa. "Maman Khadidja, umeona hii meza? Iko na cachet kabisa."

Cachet ni neno la Kifaransa linalosemwa juu ya kitu cha zamani ambacho mwenyewe hayupo kueleza kilikuwa cha nini.

"Shida yake inatoa maji," Annick aliendelea, akifuta upande wa miguuni kwa kitambaa. "Tunafuta asubuhi, mchana imeloba tena. Fundi anasema mbao inavuta baridi ya mto."

Khadidja alitazama pale palipolowa. Ni pale visigino hukaa. Baridi ilimpanda kutoka nyayoni mpaka kwenye meno, na Lubna alipomletea chai ya tangawizi hakuweza hata kuishika.

"Mi nimefunga," alisema. Alhamisi watu hufunga sunna, kwa hiyo uongo ule ulipita bila kuulizwa.

Lubna alicheka, akaenda kumwonyesha jiko, friji, na ubao wenye jina la mkahawa. Khadidja aliitikia yote na hakuona hata moja. Hakuona hata jinsi Lubna, Annick alipomaliza picha zake, alivyoziondoa zile sahani upesi moja moja na kuzihamishia meza nyingine.

Aliaga mapema, akatoka akitembea kwenye vigae vipya bila kujua anakwenda wapi. Mto huko chini ulikuwa mdogo, umebanwa huku na huku na kuta za mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya. Haukuwa mdogo siku ile. Ilikuwa siku ya pili ya Idi, Lubna bado anang'oka meno ya utotoni, Mwanne ndiyo kwanza ameanza kujifunga mtandio. Wasichana walishuka ukingoni kupunga upepo. Mjini jua liliwaka, lakini milimani mvua ilikuwa inanyesha, na Ntahangwa haupigi hodi. Ulikuja umesimama, tope tupu, ukachukua watu wa nyumba kadhaa, na baadhi yao hawajaonekana mpaka leo. Wavuvi waliokota msichana mmoja ziwani, pale mto unapomwagia. Uso ulikuwa hautazamiki. Alivaa gauni la Idi la maua ya zambarau, lililokatwa kwenye duka lile lile la mbele. Khadidja aliliona gauni, akasema, ndiye. Akamwosha kwa mikono yake, hakumwachia mtu. Watoto walifungiwa nje, Lubna akiwa mmoja wao, maana mtoto haingizwi kwenye maiti.

Tangu hapo hakumsimulia yeyote alichokiona. Mwosha ana sharti moja lililo zito kuliko yote: la pale hubaki pale. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haisemi. Lakini kata haikuwahi kuwekewa mtungi wake katikati ya mkahawa.

Karakana ya Twalibu, fundi seremala, ilikuwa mwisho wa safu, haijapakwa rangi bado. Khadidja alimkuta akipiga randa.

"Mwanangu, ile meza ndefu ya Lubna uliipata wapi?"

"Mule mule ndani, mama. Ilikuwa chini ya magunia ya pamba. Nilitaka kukata miguu ya mbele ikae sawa, Lubna akakataa. Akasema, wacha vile iko."

"Na hukuuliza ilikuwa ya kazi gani?"

Twalibu alipuliza vumbi kwenye randa. "Nilifikiri ni ya kupasulia samaki, sababu ya ile tundu."

Khadidja alikaribia kucheka, na kicheko kile kilimtisha. Twalibu angejuaje? Enzi zile hakuna mwanamume aliyewahi kuingia mle. Na wanawake walioshika birika pamoja naye wamekwisha mmoja baada ya mwingine, wa mwisho Mama Shakuru, ambaye yeye mwenyewe alimwosha. Maana yake hakuna anayejua. Wazee wa kesho watakaa, watasoma dua, watakula. Akinyamaza, hakuna neno. Akisema, habari itafika sokoni kabla ya magharibi, na nani atakanyaga tena kwenye mkahawa wenye kitanda cha maiti? Lubna atakuwa amejenga, na mwanzo wake ndio utakuwa mwisho wake.

Alikaa kwenye benchi jipya akijaribu kunyamaza. Alijaribu kweli. Lakini kila alipoyapanga maneno ya kujituliza, alimwona mtoto wa mtu akiweka sambusa pale palipolowa, na masikioni akasikia birika ikimiminwa polepole, jinsi mama mkwe wake alivyomfundisha, maji yasimshtue maiti. Alasiri ikaadhiniwa. Aliswali, akakaa kidogo kwenye mkeka, kisha akarudi kwenda kusema.

Mlango ulikuwa umeegeshwa. Annick na wafanyakazi walikuwa wameondoka. Lubna alikuwa amelala juu ya kitanda, chali, mikono ubavuni, macho amefumba, visigino kwenye unyevu.

Khadidja alishika ukingo wa meza iliyo karibu. Kwa muda hakujua yuko mwaka gani, wala ni yupi kati ya mabinti zake aliyelala pale.

"Shuka," alisema. "Lubna, shuka hapo."

"Unajua ni kitu gani hii, mama."

"Shuka, mutoto yangu."

"Mi pia najua." Lubna hakufumbua macho. "Nilijua siku ile Twalibu alitoa magunia. Mi sikupanga duka, mama. Nilipanga hii chumba."

Khadidja alisogea hatua moja.

"Ile siku mulinifungia inje. Nilikaa chini, pale kwa mulango. Maji ikatoka chini ya mulango, ikaniloba miguu. Ilikuwa inanuka kafuri. Nikajua ni maji ya Mwanne. Ni kitu ya mwisho niliona yake." Alisema bila kulia, na hilo lilimuumiza mama yake kuliko kilio. "Watu wote walimuona, mi sikumuona. Basi mupaka leo namuona kila mahali. Kule Kanyosha nilifuata mwanamuke mumoja mupaka kwake, alikuwa na mugongo kama yake. Akageuka, akaniogopa. Kule Cibitoke nilishuka kwenye bisi juu ya sauti tu, ilikuwa kama yake."

"Na kesho watu watakula hapo?"

"Apana. Hakuna mutu atakula hapa. Annick anaweka sahani, mi naondoa. Nilitaka tu mahali ya kumupata." Ndipo akafumbua macho. "Nionyeshe, mama. Vile ulimufanya."

"Mutu mwenye uhai haoshwe."

"Bila maji. Nionyeshe tu."

Khadidja alilifikiria lile sharti. Liliwekwa kuwasitiri wafu. Hakudhani liliwekwa ili mtoto aliye hai alale juu ya mbao akingoja kuambiwa. Alivua viatu, akasimama upande wa kulia, na mikono yake mikavu ikaanza kazi iliyokuwa ikiijua.

"Nilianza kuume," alisema. "Mukono hivi. Bega. Nilimufunika muda wote, hakuna mutu alimuona. Halafu muguu. Halafu kushoto. Nilikuwa nasema naye. Nilikuwa namuambia maji iko moto kidogo, asiogope."

Sasa Lubna alikuwa analia, kimya, machozi yakimteremkia masikioni, na Khadidja naye alikuwa analia, na palikuwa na nafuu fulani katika hilo ambayo hawakuwahi kuipata pamoja. Alizunguka, akasimama kichwani. Nywele za mwanamke hufumuliwa zikaoshwa, kisha husukwa misuko mitatu na kulazwa nyuma. Alimwambia Lubna hivyo, akamfungua mtandio, akaanza kusuka.

Mabinti wale wawili walichukua nywele za baba yao, marehemu Djibril. Nywele nzito, ngumu, zinazovunja vitana. Ukishazisuka hazifumuki hata uzilalie wiki nzima. Khadidja alivisuka vile vichwa viwili miaka yote ya utoto wao, wakipiga kelele kati ya magoti yake, mpaka angeweza kuvisuka gizani. Alimaliza msuko wa kwanza. Akashika wa pili. Na vidole vyake vikajua kitu kabla yeye mwenyewe hajakijua.

Nywele za yule msichana wa ziwani zilikuwa laini. Zilimteleza. Alizisuka zikafumuka, akazisuka tena, zikafumuka, mpaka akachana uzi kwenye sanda akazifungia. Alijiambia ni mto. Maji hulainisha kila kitu. Mama Shakuru, aliyekuwa ameshika birika, alimtazama usoni, kisha akatazama ukutani, akaendelea kumimina. Na lile gauni la maua ya zambarau, mwaka ule nusu ya wasichana wa mtaa walilivaa, maana duka lilileta kitambaa kimoja tu kizuri kwa Idi.

Mikono yake ilisimama.

"Mama?" Lubna aliisikia mikono ikisimama. Kisha akauliza lile alilolibeba tangu siku ile ya mlangoni. "Alikuwa yeye?"

Neno ndiyo lilikuwa tayari mdomoni. Lilikaa mle tangu siku ya mazishi, limezoea mahali pake, na lingempa Lubna usingizi usiku huo na kila usiku. Khadidja alitaka kulisema kuliko alivyowahi kutaka kitu. Lakini nywele za Lubna zilikuwa mkononi mwake, nzito, hazitelezi.

"Apana," alisema.

Nje ya kioo Ntahangwa ulipita kati ya kuta zake mpya. Lubna hakuinuka wala hakupiga kelele. Alilala vile vile akitazama dari iliyopakwa rangi wiki ile.

"Basi tulizika nani?"

Khadidja alishika nywele zilizobaki, akausuka msuko wa tatu mpaka mwisho, kwa sababu kichwa cha mtu hakiachwi nusu.

"Mutoto ya mutu," alisema. "Nilimuosha muzuri, Lubna. Nilimuosha kama wangu."