Mashine Aliyoichagua Winchi

Kompresa ya gereji ilikufa Jumatatu asubuhi, baada ya kuugua miezi. Ilikohoa mara mbili, ikatema mafuta ukutani, ikanyamaza. Bila upepo wake, ile bunduki ya kufungulia nati iliyokuwa mwisho wa mpira mwekundu ikawa chuma cha bure. Mafundi wawili wa gereji ile, baba na binti yake, waliisimamia wakiitazama kama watu walioletewa msiba wa jirani mkorofi: wanasikitika, lakini si sana.

"Basi tukanunue ya betri," binti akasema. "Hata mpira wa kutukwaza miguuni hautakuwepo."

Baba alijulikana kwa jina la Winchi tangu siku alipoikumbatia gia boksi ya lori na kuitoa uvunguni peke yake, wenzake wakabaki midomo wazi. Binti aliitwa Springi, kwa sababu utotoni hakuweza kukalia kiti dakika mbili. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, na miaka kumi na miwili kati ya hiyo alikuwa amefanya kazi bega kwa bega na baba yake. Mama alikwisha kufariki. Walikuwa wawili tu, na gereji yao yenye milango miwili ya bati na shimo moja la kuingilia chini ya magari.

Kilichomkosesha Springi raha si kompresa. Ni vidole vya baba. Kila asubuhi ya baridi viligeuka vyeupe, ncha kwanza, kisha hadi kwenye fundo, kana kwamba vimechovywa kwenye chokaa. Daktari aliwaeleza bila kuficha: mishipa midogo ya mikononi imechoshwa na mtetemo. Miaka thelathini na moja ya kushika mashine inayogongagonga si mchezo.

"Punguza mtetemo, Mzee," daktari alisema. "Ukiendelea hivi, hisia zitaondoka, na zikiondoka hazirudi."

Winchi alimwitikia kwa adabu zote. Walipofika nje akasema, "Yule hajawahi kufungua hata kifuniko cha chupa."

Siku hiyohiyo ya Jumatatu wakaenda kwenye duka la vifaa. Muuzaji alikuwa mwanamama mnene mwenye kalamu sikioni, na kazi yake aliijua kama kiganja cha mkono wake. Aliwapangia mashine tatu juu ya meza.

"Hii ndogo," akasema, "ni nyepesi, inaingia hata pembeni mwa injini. Lakini kwa nati za magurudumu, hasa zilizoshika kutu, itawaaibisha. Hii ya kati ndiyo ninayoiuza sana. Ina ngazi tatu za nguvu. Ukiiweka ngazi ya kwanza, inaishikiza nati tu halafu inajizima yenyewe, nanyi mnamalizia kwa spana ya kupimia, ile inayolia nati ikifika kipimo. Ukitaka kufungua nati sugu, unapanda hadi ya tatu. Mota yake haina brashi, kwa hiyo haichemki ovyo, na mtetemo wake ni mdogo. Na hii kubwa..." akaigusa kwa kiganja, "hii ni ya malori. Ina nguvu moja tu, yote. Nzito, lakini haishindwi."

Springi aliinyanyua ile ya kati. Ilikaa vizuri mkononi, betri ikisawazisha uzito wa kichwa. Akaijaribu kwenye chuma kinene kilichofungwa pembeni mwa meza, chenye nati kubwa ya kufanyia majaribio. Ikashikiza, ikajizima. Akatabasamu.

"Hii hapa, baba. Hii itakupumzisha."

"Nimesema nimechoka?" Winchi akauliza.

Akaichukua ile kubwa. Akaielekeza kwenye nati, akabonyeza. Nati ikazunguka, ikakaa, na mashine ikaendelea kugonga kwa kelele iliyojaza duka zima. Chuma kikalia. Meza ikatetemeka hadi kalamu zilizokuwa juu yake zikadondoka chini.

"Achia, Mzee, imeshakaa," muuzaji akapaza sauti.

"Nimeshaachia!"

Hakuwa ameachia. Kidole chake cheupe kilikuwa palepale kwenye kitufe, kimekibana, naye alikuwa akimtazama muuzaji kwa uso wa mtu anayesema kweli tupu. Springi akanyoosha mkono na kukiondoa kile kidole, taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kitu cha hatari. Mashine ikanyamaza.

Wateja wawili waliokuwa wakichagua rangi waligeuka. Mmoja akacheka kidogo puani.

Springi aliona damu ikipanda usoni mwa baba yake. Katika miaka yake yote hakuwahi kumwona mzee akiaibika mbele za watu. Alimwona akikasirika, akilia makaburini, lakini si hivi.

"Nachukua hii," Winchi akasema.

"Baba, hiyo haina ngazi. Tutazikaza kupita kiasi. Na mtetemo wake..."

"Fundi mkuu ni nani? Mimi au wewe?"

Muuzaji akamtazama Springi, akingoja. Wale wateja wawili wakamtazama pia. Neno moja tu lingetosha: hapana. Lilimfika kooni, akalimeza. Akamwambia muuzaji awafungie ile kubwa.

Wiki sita zilizofuata Winchi alikuwa kijana tena. Nati zilizokuwa zikimtoa jasho zilifunguka kufumba na kufumbua. Alipiga mluzi. Aliwatania wateja kwamba sasa gari likiingia kwa mlango mmoja linatokea kwa mwingine kabla mwenyewe hajashuka. Springi alikuwa akimfuata nyuma na spana ya kupimia, akijaribu kila nati, na kila mara spana ilikuwa inalia kabla hata hajaivuta: nati ilikuwa imeshapita kipimo zamani.

"Zilegeze kwanza, baba, tuzikaze upya. Boliti zinavutika."

"Umewahi kuona gurudumu la kwangu limetoka?"

"Sijaona."

"Basi niondokee hapa."

Siku za kazi nyingi hakumfuata tena. Alikuwa na magari yake mwenyewe ya kushughulikia, na kubishana kila saa kulimchosha. Hivyo ndivyo alivyojieleza baadaye, na maelezo hayo hayakumpa usingizi.

Mkunga alileta gari lake Alhamisi moja. Alikuwa mwanamke wa mtaa wa pili, mwenye sauti nene na kicheko cha haraka, aliyewazalisha nusu ya akina mama wa pale, na Springi mwenyewe akiwa mmoja wao, kwa mtoto ambaye hakuishi. Mkunga alikaa naye siku ile kuanzia alfajiri hadi jioni, akimshika mkono, na hakumwambia hata mara moja kwamba anajua anavyojisikia. Springi hakulisahau hilo.

"Breki zinapiga kelele kama mbuzi," Mkunga akasema. "Nina mama wawili wanangoja kujifungua wiki hii. Msinicheleweshe."

Springi akabadilisha breki za kulia, Winchi za kushoto. Springi alipokuwa akimalizia magurudumu yake kwa spana, alisikia mashine upande wa pili ikigonga, ikigonga, ikazidi. Akainua kichwa. Akataka kusema. Mkunga alikuwa tayari ameshika mlango, anatazama saa.

Siku nane baadaye, saa nne asubuhi, gurudumu la mbele la kushoto lilichomoka kwenye mteremko wa soko. Boliti tatu zilikatika kwa pamoja, mbili zilizobaki zikafuata. Gari lilibiringika mara moja likaangukia ubavu. Mkunga alikuwa peke yake ndani. Walimtoa akiwa hai, nyonga imepondeka na mguu wa kushoto umevunjika mara tatu.

Mkaguzi wa magari alifika gereji siku iliyofuata. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye mfuko wa plastiki mkononi. Akaumwaga juu ya meza ya kazi: vipande vya boliti, vimenyooka na kuwa vyembamba katikati kama tofi iliyovutwa.

"Hizi hazikulegea," akasema. "Wengi hudhani gurudumu likitoka basi lilikazwa kidogo. Hizi zilikazwa hadi zikachoka. Nani alifunga gurudumu la mbele kushoto?"

Winchi aliitazama mikono yake.

"Gari lile tulilifanya wote wawili," akasema. "Siku ile kulikuwa na kazi nyingi. Nadhani... upande ule alifanya binti."

  Springi akamtazama baba yake, na baba hakuinua macho. Alisubiri. Alimpa nafasi, moja, mbili. Akafikiri pia kwamba angeweza kunyamaza, kama alivyonyamaza dukani, na lawama zingemwangukia yeye, yeye mwenye mikono mizima na miaka mingi mbele.

"Si kweli, baba," akasema. Sauti yake ilimtoka ndogo. "Kushoto ulifunga wewe. Na mimi nilisikia mashine ikizidi, sikusema kitu."

Mkaguzi akaandika yote mawili.

Winchi akavua ovaroli pale pale, akaiacha sakafuni.  Jioni alihamia kwa dada yake, shangazi yake Springi, mtaa wa mbali, na simu za binti yake hakupokea tena.

Gereji ilifungwa wiki mbili. Ilipofunguliwa, Winchi alikuwa amepigwa marufuku kugusa gari la mteja. Springi alifungua daftari la kazi, akapitia wiki sita zote, akaandika kila gari ambalo baba yake alifunga gurudumu. Yalikuwa magari arobaini na matatu. Akawapigia wenyewe simu mmoja mmoja.

"Naomba ulete gari. Magurudumu tuliyakaza vibaya. Lisiende mbali, lije polepole."

Wengine walimtukana. Mmoja alimwita muuaji. Wengi walikuja. Alirudi kwa yule muuzaji mwenye kalamu sikioni, akaichukua ile mashine ya kati bila kuijaribu. Muuzaji alikuwa ameshasikia habari. Alimfungia, akampa, akasema tu, "Pole, mwanangu."

Siku kumi alifanya kazi hiyo. Aliweka mashine ngazi ya tatu akafungua, akapima kila boliti kwa jicho na kwa kipimo, zilizovutika akazitupa kwenye ndoo, akaweka mpya, akarudi ngazi ya kwanza, akashikiza, akamalizia kwa spana hadi ilipolia mara moja. Magari kumi na tisa yalikuwa na boliti zilizoharibika. Katika gari la mwalimu mmoja anayebeba watoto wake wanne kila asubuhi, boliti moja ilikatikia mkononi mwa Springi kabla hajaivuta vizuri. Akakaa chini kwenye saruji, kichwa katikati ya magoti, mwalimu akiwa amesimama pale hajui afanye nini.

Alipomaliza alikwenda hospitali. Mkunga alikuwa amelala chali, mguu umefungwa vyuma, uso umepungua. Kile kicheko cha haraka hakikuwepo.

"Nimekuja kukuambia ilivyokuwa," Springi akasema, akiwa amesimama. Akamweleza: vidole, duka, mashine, kelele aliyoisikia.

Mkunga alisikiliza akitazama dari.

"Wale mama wawili," akasema mwishowe. "Mmoja alizalia njiani. Walikuwa wananingoja." Akautazama mguu wake. "Wanasema nitatembea na magongo. Mkunga hazalishi na magongo, mwanangu. Kazi ile inataka kusimama."

"Najua."

"Hujui." Akageuza uso ukutani. "Umefanya vizuri kuja. Lakini usije tena mpaka nikuite."

Springi akatoka. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, hakuitwa.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu shangazi alipiga simu. Alikuwa na haraka na hasira.

"Njoo umwone baba yako. Jumapili tunakwenda kanisani, kila Jumapili anabaki. Leo nimemkuta amekaa kitandani na shati wazi. Vifungo vinamshinda, na mimi hataki nimguse."

Springi alifika na ovaroli yake mwilini. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati jeupe limemkaa mabegani, vidole vimelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Alikuwa amepungua. Hakumkaribisha, hakumfukuza.

Akapiga magoti mbele yake. Akaanza kifungo cha chini. Alisikia pumzi za baba yake juu ya nywele zake, na harufu ya sabuni ya shangazi badala ya ile ya grisi aliyoizoea. Cha pili. Cha tatu.  Alipofika kifuani aliona kidevu cha mzee kinatetemeka, akaendelea kuangalia vifungo.

"Anaendeleaje?" Winchi akauliza. Hakumtaja jina.

"Amerudi nyumbani. Anatembelea magongo."

Mzee akatikisa kichwa mara nyingi, polepole, kama anayehesabu.

"Hicho cha shingoni," akasema, "usikifunge. Kinanibana."

Springi akakiacha. Akamshika kwapani, akamsimamisha, na shangazi akawafungulia mlango.